Mtoto wa Kabati

Saa kumi kasorobo, usiku wa kuamkia Jumatano,
Wete iligongwa mara moja, kwa chini,
kama na mtu aliyekosea mlango.
Kimya cha pumzi mbili.
Kisha ikaja ya pili, ya ubavu,
na vikombe vya Bi Raya vikasalimiana kabatini,
vikombe ambavyo tangu harusi ya Time
havijateremshwa.

Kuku mmoja akauliza. Hakujibiwa.
Bati likalia kidogo, likanyamaza.
Kulipokucha ufa hatukuuona,
ila chokaa ya ukutani ilikuwa imemwaga
unga mwembamba juu ya redio.

"Ng'ombe huyo," kasema Bi Raya,
"kachoka kuibeba dunia kwa pembe ya kulia,
kaitia ya kushoto."
Ana miaka themanini na mbili, hajapata kubishiwa,
nami sikutaka kuanza siku ile.
Lakini Riziki, wa darasa la sita,
alinitazama kama atazamaye mzani wa karafuu:
"Babu, na ng'ombe kasimama wapi?"

Nilisomesha jiografia Utaani miaka kumi na tisa;
siku hizi naranda mbao.
Nikamwambia: mvute mtoto wa kabati, yule wa chini,
aliyevimba tangu masika.
Akavuta. Hakuja.
Akavuta kwa mikono miwili, mguu kautia ukutani,
mbao zikanuna, zikajipinda mpindo usioonekana,
hakuja, hakuja,
tena akaja, fyu!
na nguvu zote alizokuwa amekopeshwa:
misumari, bizimu, stakabadhi za karafuu
chapa sakafuni, na Riziki kitako.

Hapo, nikasema. Hapo hapo ndipo penye tetemeko.
Bara linaachana na ubavu wake wa mashariki,
polepole kuliko kucha ya mguu,
na sisi tumo upande unaoondoka.
Baina yetu na Tanga, kina kile hakikuchimbwa na maji;
ardhi ilivunjika, ikazama, bahari ikaingia kama mpangaji.
Mivunjiko ya kale imebaki humo chini,
jabali uso kwa uso na jabali,
msuguano umewashika wote wawili mashati.
Wanasukumwa, hawasogei.
Wanajipinda tu. Mwaka. Miaka mia.
Mpaka siku msuguano unashindwa, si pote,
mahali padogo, viwanja viwili vitatu vya mpira,
na jabali linateleza
urefu wa punje ya mchele.

Basi.
Kilichotufikia sisi ni habari yake.
Tarishi wa kwanza mwepesi, husukuma na kuvuta;
wa pili mzito, hutikisa kwa kiuno.
Kimya kilichokuwa baina yao
ndio umbali wa njia waliyopita.

"Afadhali hivyo, vidogo vidogo," kasema Bi Raya,
"deni linapungua."

Hapa nikambishia, mara ya kwanza maishani.
Hapana, mama. Vidogo mia havilipi kikubwa kimoja.
Ni mtu anayedaiwa shamba zima
akaleta kila Ijumaa yai.
Na tarehe ya kudaiwa haijui mtu,
si mimi, si wenye mitambo,
nadhani hata jabali lenyewe.

Hakunijibu. Alikuwa akiokota bizimu.

Mchana nikamtoa mtoto wa kabati,
nikamranda ubavu, nikampaka sabuni ya mche.
Sasa anakuja kwa kidole kimoja.
Riziki kamvuta mara ishirini, kachoka,
kaniuliza kule chini nani anapaka sabuni.

Jioni nilimkuta Bi Raya juu ya kigoda,
anavipanga vikombe upya,
baina ya kikombe na kikombe
anaacha nafasi ya kidole.
Nikamshikia kigoda.